Nilipata D ya Baiolojia, Kisha Seli Ikanifuata Hadi Nyumbani

Jamani, leo hakuna stori za kodi ya nyumba wala za makanga wa matatu. Mapenzi yamo kidogo, lakini yako kule mwisho, kwa hivyo msiruke. Leo nataka tuongee kuhusu seli.

Najua, wengine mshaanza kusinzia. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kidato cha Kwanza mwalimu alituchorea seli mbili ubaoni, ya mnyama kushoto, ya mmea kulia. Nikainakili vizuri, nikapaka rangi. Utando kwa nje, saitoplazimu ndani, na kiini katikati kama kiini cha yai. Pembeni vile vidude vya mitokondria ambavyo kila mtu huvichora kama njugu. Nikapata alama saba kwa kumi kwa sababu ya usafi. Kisha nikasahau kila kitu. Mtihani wa mwisho ulipofika nikala D ya baiolojia, na nikawaambia watu wote kwamba sihitaji kujua mambo ya seli ili niishi.

Hii posti ni ya kuomba msamaha kwa hayo maneno.

Mama yangu ni wa Ngao. Kama hupajui, chukua basi kutoka Mombasa, pita Kilifi, pita Malindi, uendelee kaskazini mpaka Garsen, halafu utafute boda boda ikupeleke upande wa mto. Mto wenyewe ni Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na pale kwetu umekaribia kufika baharini, kwa hivyo umetulia, umetanuka, na una rangi ya chai ya maziwa. Maembe ni mengi mpaka mbuzi wanachagua. Mafuriko yakija, kama yale ya mwisho wa 2023, watu wanahama na magodoro kichwani. Na mbu? Mbu wa Ngao hawabishi hodi.

Mimi nimezaliwa na kukulia Kisauni, lakini kila likizo ya Agosti na Desemba nilipelekwa kwa bibi. Bibi yangu hupenda kuniita "mke mwenzangu", kwa sababu babu alikuwa akitutania kwamba sisi wote wawili ni wake zake. Kwa hivyo likizo zangu zilikuwa za mke mwenza: kuteka maji, kupika wali, na kuchunga watoto wa mjomba.

Mtoto mmoja wa mjomba nitamuita Dogo. Jina lake halisi halimo humu, na kila kitu ninachosema juu yake amekisoma kwanza. Sasa ana miaka 14. Wakati ninaouzungumzia alikuwa na miaka minne hivi, na mimi nilikuwa bado shule ya msingi.

Siku hiyo tulikwenda mtoni na watoto wengine. Sehemu yenyewe watu wazima wanaijua, haina mamba (bibi husema mamba hawana ratiba, lakini haya). Dogo alicheza majini asubuhi nzima. Usiku akaamka akipiga kelele. Nikisema kelele simaanishi kulia kwa mtoto aliyenyimwa andazi. Alikuwa akishika miguu yake kama mtu anayeivunja mwenyewe. Ukimgusa, analia. Ukimwacha, analia. Bibi akamweka mapajani akaanza kumuimbia ule wimbo wa kubembelezea watoto. Mnajua mahadhi ya wimbo wetu wa taifa yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto? Kila mara mnaposimama wima shuleni, mnabembelezwa na bibi zetu. Lakini usiku huo wimbo haukufua dafu. Tulikesha hadi alfajiri.

Asubuhi nikasikia wakubwa wakinong'ona. "Ni yule yule. Amerudi."

Sasa hapa ndipo naona aibu kuandika.

Kabla ya Dogo, mjomba na mkewe walikuwa wamezika watoto wawili. Wa kwanza, vidole vya mikono na miguu vilimvimba kabla hajafikisha mwaka, kisha homa ikamchukua. Wa pili alipauka mpaka viganja vikawa vyeupe, macho yakawa ya manjano. Na kila mtu alikuwa na ushahidi mmoja ambao ulionekana hauna jibu: wote wawili walizaliwa wazima. Walinyonya vizuri, wakanenepa, wakacheka. Miezi mitano, sita ya kwanza hakuna tatizo lolote. Halafu ghafla mtoto anaanza kunyauka. Kama ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, si angezaliwa nao? Basi lazima kuna mtu aliyemuangalia. Kuna jicho.

Na jicho lilipatikana. Lilikuwa la bibi mmoja jirani, mjane, aliyeishi peke yake nyuma ya mwembe mkubwa. Kosa lake ni kwamba alipenda watoto. Alikuwa akija kumuona kila mtoto mchanga, akileta maembe au ndizi. Baada ya mazishi ya pili, tuliambiwa tusimsalimie. Mimi nilikuwa na miaka kama sita. Nakumbuka alininyooshea embe dodo, kubwa, limeiva, nami nikalitazama, nikakimbia. Sikumwambia hata shikamoo. Baadaye vijana fulani wakaenda kwake usiku wakamtisha. Hakupigwa, alhamdulillahi, lakini hakungoja kupigwa. Akahamia kwa ndugu zake ng'ambo ya mto.

Kwa hivyo Dogo alipolia usiku ule, na yule bibi hayuko hata karibu, watu hawakusema "kumbe si yeye". Walisema amerudi.

Kilichomwokoa Dogo ni mama yake. Huyo mwanamke hakubishana na mtu yeyote. Aliuza mbuzi wawili, akambeba mtoto, akapanda gari kwenda hospitali kubwa nje ya kaunti. Damu ikachukuliwa. Wakarudi na karatasi yenye herufi mbili: SS. Sikoseli. Wengine huita selimundu, kwa sababu seli zenyewe zimepinda kama mundu wa kukatia mpunga.

Na sisi tunalima mpunga. Mundu tunaujua. Ila hatukujua unaweza kuwa ndani ya mtu.

*

Ngoja sasa nirudi kwa ile seli ya ubaoni, maana miaka mingi baadaye ilibidi niisome upya, safari hii bila mwalimu wa kunitisha.

Wewe ulianza ukiwa seli moja. Moja tu. Ikajigawa mara mbili, nne, nane, na kwa makadirio ya wanasayansi mtu mzima ana seli takriban trilioni 30. Nyingi zaidi kati ya hizo ni seli nyekundu za damu. Karibu kila aina ya seli ina ule mpango niliouchora: utando ni kama mlango na bawabu wake, unachagua nini kiingie na nini kitoke. Kiini ndicho kinachohifadhi DNA, yaani maagizo ya kila kitu. Mitokondria zinachoma chakula kwa kutumia oksijeni ili seli ipate nguvu. Na kuna ribosomu, ambazo ni kama mafundi: zinasoma nakala ya maagizo na kutengeneza protini.

Sasa seli nyekundu ya damu ni mtu wa ajabu. Inatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa ikiwa na kiini kama wenzake. Ikikaribia kukomaa, inakitupa kiini chake nje. Mitokondria pia inazitupa. Inabaki kimfuko laini kilichobonyea katikati pande zote mbili, kimejaa protini moja inayoitwa hemoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni. Seli moja ina molekuli kama milioni 270 za hiyo hemoglobini. Fikiria lori lililong'olewa viti, redio na kila kitu ili lipakie mzigo zaidi. Tena kwa kuwa haina mitokondria, haitumii hata chembe ya ile oksijeni inayobeba. Dereva wa tangi la mafuta asiyeiba mafuta! Kenya hii tungempa nishani.

Upana wake ni kama sehemu saba hadi nane kati ya elfu moja za milimita, yaani ukizipanga mstari, kama 130 zinatosha milimita moja. Mishipa midogo kabisa ya damu ni myembamba kuliko hizo seli zenyewe. Kwa hivyo kila ikipita lazima ijikunje, ipenye, halafu ijikunjue. Inafanya hivyo siku kama 120, kisha inachakaa na kuondolewa. Ili zisipungue, uboho wako unatengeneza mpya kama milioni mbili kila sekunde. Tangu uanze kusoma sentensi hii, una seli mpya kuwashinda wakazi wa Mombasa.

Kwa Dogo kuna kosa la herufi moja.

Moja, bro. DNA huandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Katika maagizo ya kutengeneza hemoglobini, mahali palipotakiwa kuandikwa GAG pameandikwa GTG. Chukulia kadi ya harusi. Walitaka kuandika "Mnaalikwa kwenye ndoa", mchapaji akakosea herufi moja, ikatoka "Mnaalikwa kwenye ndoo". Herufi moja tu, na wageni wamekuja na sabuni.

Kosa hilo linabadilisha shanga moja katika mkufu wa protini. Mkufu una shanga 146, na iliyobadilika ni ya sita. Hiyo shanga mpya inanata. Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni, hakuna neno. Ikishaishusha mzigo, molekuli zinaanza kushikana, zinajipanga kama fito ndefu ngumu, na zile fito zinaisukuma seli mpaka inapinda. Ikirudi mapafuni inaweza kunyooka. Lakini ikipinda na kunyooka mara nyingi, utando unaharibika, na siku moja inabaki mundu moja kwa moja.

Sasa mundu hauwezi kujikunja upenye mshipa mwembamba. Unakwama. Wa nyuma anakwama naye. Mnajua vile lori likizima Nyali Bridge saa kumi na mbili jioni? Ndiyo hiyo, ila barabara ni mguu wa mtoto, na kule mbele kuna mfupa unaosubiri oksijeni. Yale maumivu ndiyo kelele za mfupa kukosa hewa. Na kwa kuwa seli hizo zinaishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, uboho hauwezi kuzifidia, ndiyo maana viganja vinapauka. Mabaki ya seli zinazokufa kwa wingi ndiyo yanatia macho umanjano. Baridi ya maji inabana mishipa. Jua kali na kutokunywa maji kunafanya hemoglobini ikolee ndani ya seli na kunata zaidi. Ile asubuhi mtoni ilikuwa na vyote viwili.

Halafu kuna lile swali la jicho. Kwa nini walizaliwa wazima?

Nilipopata jibu lake nilifunga simu nikakaa kimya kwa muda. Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini ya aina nyingine, ya kitoto, ambayo haina ule mkufu wenye kosa. Anazaliwa nayo. Inamlinda. Kisha taratibu, katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, mwili unaiacha na kuhamia ile ya utu uzima. Ikifika kama miezi sita, kosa linajitokeza, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvimba vidole vya mikono na miguu.

Yaani ule ushahidi uliomfukuza yule mjane nyumbani kwake ulikuwa ukurasa wa kitabu cha baiolojia. Watu wetu hawakuwa wajinga. Waliangalia vizuri, wakahesabu miezi vizuri, wakaona kitu cha kweli kabisa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuwaambia kilichokuwa kikiendelea ndani ya seli. Na mahali pasipo na maelezo hapakai patupu. Mtu anawekwa hapo.

Nilimweleza bibi haya yote nikiwa na miaka 19, tukichambua mchele. Nilitumia mkufu wake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo mwenzangu yule hakuwa na lake?"

Nikamwambia, "Hakuwa na lake, bibi."

Akaendelea kuchambua mchele. Yule mjane alikuwa ameshafariki, hukohuko ng'ambo. Tangu mwaka huo, kila msimu wa maembe bibi hujaza kikapu na kumtuma mtu ampelekee binti wa yule marehemu. Hakuna maneno yanayotumwa pamoja nacho. Mimi nafikiri maneno yanatakiwa, na nimemwambia hivyo. Amenijibu kwamba mimi nina simu ya kuandikia, yeye ana kikapu. Basi haya ndiyo maneno yangu: shikamoo, bibi. Nilikimbia embe lako.

*

Sasa mtaniuliza, kama hiyo herufi ni mbaya hivyo, mbona haikupotea zamani?

Hapa stori inakuwa ya kwetu kabisa. Kulikuwa na kijana anaitwa Anthony Allison, aliyekulia katika shamba huku Kenya, kule Bonde la Ufa. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa wanafunzi wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akawa anapima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi. Akaona kitu kisichoeleweka. Watu wenye nakala moja ya kosa lile walikuwa wengi Pwani na karibu na Ziwa Victoria. Nyanda za juu walikuwa wachache sana. Pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Usiniambie samaki. Mbu! Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: nakala moja ya kosa inamkinga mtu na malaria.

Kumbuka kila mtu ana nakala mbili za maagizo, moja ya mama na moja ya baba. Ukiwa nazo zote nzima wewe ni AA. Moja nzima na moja yenye kosa, wewe ni AS, na kwa kawaida unaishi maisha yako bila hata kujua. Zote zikiwa na kosa, SS. Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya seli nyekundu. Kikiingia kwenye seli ya mtu wa AS hakistawi vizuri, na seli kama hiyo huondolewa mapema. Miaka baadaye watafiti wa KEMRI pale Kilifi walifuatilia watoto wa Pwani na kukuta mtoto wa AS ana kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Asilimia 90! Chanjo ngapi zinafika hapo?

Kwa hivyo ile herufi ni ngao. Sisi watu wa Ngao tumebeba ngao damuni, kwa sababu ya mbu wa mto wetu. Wazee wangu wengine walivuka utoto kwa ajili yake, na pengine mimi niko hapa kwa sababu yao. Lakini ngao mbili zikikutana kwa mtoto mmoja, zinamgeukia.

Haya. Mapenzi niliyowaahidi.

Mwaka jana nilipima. Mimi ni AS. Sikushangaa sana. Mtu wangu anatoka Siaya. Mkitazama ramani, huko ni ziwani. Nilipomwambia naye apime, alinuna siku tatu. "Unaniombea mabaya?" Nikamwambia damu yake ilishaandikwa kabla hatujajuana, mimi nataka tu tuisome. Akaenda peke yake bila kuniambia. Akanitumia picha ya karatasi kwa WhatsApp, bila emoji hata moja.

AS.

Hesabu yake ni hivi: kila mimba, nafasi moja kati ya nne mtoto awe SS, mbili kati ya nne awe AS kama sisi, na moja kati ya nne awe AA. Kila mimba upya, haikumbuki ya mwanzo. Mtu anayekwambia "mkishapata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata watakuwa wazima" haelewi hesabu wala seli.

Hatujaamua. Sitawadanganya eti tumeachana kishujaa au tumefunga ndoa kishujaa. Tunaongea. Kuna siku tunaongea vizuri na kuna siku mmoja anaingia bafu kulia. Lakini tunaongea tukijua, na hiyo ndiyo tofauti yetu na mjomba na mkewe. Wao walipata habari makaburini.

Kwa hivyo maoni yangu, na mnaweza kunishambulia kwa komenti: kipimo hiki kingekuwa cha kawaida kama cha HIV. Ukijua kundi la damu lako, ujue na hii. Upime ukiwa kijana, kabla hujampenda mtu mpaka ukapofuka, hasa kama kwenu ni Pwani au ziwani. Na watoto wapimwe wakiwa wachanga, kabla ile hemoglobini ya kitoto haijaisha, kwa sababu mtoto akijulikana mapema anapewa kinga ya malaria na ya maambukizi, na wazazi wanajua hatari ni nini. Dawa pia zipo. Hydroxyurea inairudisha kwa kiasi ile hemoglobini ya kitoto, na utafiti uliotoka 2019, uliofanywa na watoto wa Kilifi pamoja na wa Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha inapunguza maumivu, malaria na hata vifo. Dogo anaitumia. Kuna na tiba ya kurekebisha DNA yenyewe, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwisho wa 2023, ila bei yake kule Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa hivyo ukiona mtu TikTok anauza chupa ya majani "inayomaliza sikoseli" kwa shilingi elfu mbili, pita. Nenda kliniki, uliza daktari.

Nilikuwa nimalizie hapo. Ningewaambia pimeni, nikaweka picha ya mto, nikalala. Lakini niliahidi kumtumia Dogo asome kwanza.

Alisoma. Akanipigia simu, akaniuliza swali moja. "Dada, kwa hivyo mama na baba wangepima, mimi nisingekuwepo?"

Sikuwa na jibu. Nina wafuasi, nina maneno, na sikuwa na jibu. Nilianza kusema "hapana, siyo hivyo", lakini ni hivyo kidogo, na yeye si mtoto tena. Mwishowe nikamwambia ukweli niliokuwa nao: kwamba nataka watu wajue, ili anayezaliwa azaliwe mikononi mwa watu waliojiandaa. Kwamba kujua si sawa na kumkataa mtu. Kwamba kosa ni la herufi, si lake. Na kwamba nikipata mtoto kama yeye, nitajua hospitali ni ipi, maji ni kiasi gani, na sitamtafuta mchawi.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika, maana mtandao wa kwetu mnaujua.

Kisha akasema, "Sawa. Posti. Lakini umeandika kama mimi kazi yangu ni kulia. Andika pia mimi ni kipa."

Ni kipa wa timu ya shule. Hawezi kukimbia dakika 90, kwa hivyo alichagua goli. Chupa ya maji huwa pembeni ya mlingoti, na kocha anajua. Muhula uliopita alifungwa mabao manne tu.

Haya, nimeandika.